Titi Lililotengenezwa Linapouma: Nani Anaamua Kurudi Thieta?

SEHEMU YA 1



Leo naongea na mama ambaye kila mtu anamhesabu kuwa amepona. Kansa ilikutwa, titi likatolewa, likatengenezwa lingine, dripu zikaisha, watu wakatoa shukrani kanisani au wakasoma dua. Sasa ni mwaka wa pili au wa tatu, na kifua kinauma. Upande ule umekuwa mgumu kama embe bichi. Kulala ubavu hawezi, sidiria anaivaa kwa kujikaza, na mtoto akimkimbilia kumkumbatia anatanguliza mkono kujikinga. Daktari amemwambia, tunaweza kukupasua tena. Nyumbani wamemwambia, "Wewe si ushukuru tu kwamba uko hai?"

Hapo ndipo nataka tukae. Maneno hayo hayakuanza kwenye kochi la sebuleni kwenu. Wanawake wameambiwa hivyo na madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 100, na wapo waliokataa kunyamaza. Ukijua walivyokataa, utaingia kwa daktari wako na maswali mengine kabisa.

Neno moja kwanza tusije tukachanganyana. Nikisema kipandikizi leo, sisemi kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi. Nasema mfuko wa silikoni unaowekwa kifuani kushika nafasi ya titi.

Haya, tuanzie Paris, tarehe 30 Septemba 1811. Mwandishi wa Kiingereza, Fanny Burney, alikuwa akiishi huko na mume wake Mfaransa. Ana uvimbe kwenye titi la kulia. Daktari wake ni Dominique-Jean Larrey, mpasuaji maarufu wa jeshi la Napoleon. Nusu kaputi haijagunduliwa bado. Etha itakuja 1846. Burney akapewa kinywaji chenye mvinyo, akafunikwa uso kwa kitambaa chembamba kiasi cha kuona kisu kinang'aa, akakatwa titi akiwa macho. Miezi kadhaa baadaye alimwandikia dada yake, Esther, barua ndefu akieleza yote, na barua hiyo ipo mpaka leo.

Wengi wakisimulia kisa hiki husimulia maumivu. Kinachonishika mimi ni saa mbili. Madaktari walikuwa wamekubaliana asijulishwe siku mapema, eti asiteseke kwa kusubiri. Ilipofika siku yenyewe alipata taarifa muda wa saa mbili tu kabla. Kisha wanaume 7 waliovaa nguo nyeusi wakaingia chumbani kwake. Alikasirika, akataka kujua kwa nini watu wengi hivyo na kwa nini hakuulizwa. Lakini hakuweza kutamka hata neno.

Alipona, aliishi hadi 1840. Na naomba mkumbuke zile saa mbili, maana zitarudi kwa sura nyingine.

SEHEMU YA 2

Twende Baltimore, Marekani. Daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins ndiye aliyeeneza upasuaji uliotawala dunia kwa karibu miaka 80. Alianza kuufanya 1882, na mwaka 1894 akachapisha habari za wagonjwa 50. Yeye aliamini kansa inasambaa kama maji yanavyotanda sakafuni, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa hiyo ukikata mbali zaidi, unaiwahi. Akawa anaondoa titi lote, ngozi, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani.

Tumpe haki yake. Wakati ule wanawake walikuwa wanafika na vidonda vilivyokwisha kuoza, na baada ya upasuaji wa kawaida kansa ilikuwa inarudi palepale kwenye kovu. Kwa Halsted ilirudi kwa wachache. Wanafunzi wake wakasambaa na mbinu hiyo, ikawa ndiyo sheria.

Lakini waliobaki hai walibaki na nini? Kifua kilichobonyea hadi mbavu zinahesabika, bega lisilonyanyuka, mkono uliovimba. Na Halsted mwenyewe hakutaka kabisa habari ya kurekebisha umbo pale; aliona kufunikafunika kidonda kungeficha kansa ikirudi. Mwanamke aliyelalamikia mkono au kifua alionekana hajui ukubwa wa alichookolewa nacho. Unaona sasa? "Shukuru uko hai" ilikuwa tayari imevaa koti jeupe.

Ikaja na utaratibu mwingine ambao kwangu ni mbaya kuliko kisu chenyewe. Unakuta uvimbe. Unasaini fomu. Unalazwa usingizi. Wakiwa thieta wanakata kipande, kinakimbizwa maabara, kinagandishwa na kuangaliwa hapohapo. Kikiwa na kansa, wanaendelea moja kwa moja kuondoa titi wewe ukiwa umelala. Mwanamke aliamka, akapeleka mkono kifuani kujua majibu yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Marekani hadi miaka ya 1970. Fanny Burney alipewa saa mbili. Hawa hawakupewa hata hizo.

Aliyegombana na utaratibu huo ni mwandishi wa habari, Rose Kushner. Mwaka 1974 alikuta uvimbe, akazunguka kutafuta daktari atakayekubali kukata kipande tu na kumwacha aamke, asome, afikiri, ndipo aamue. Wengi walimkatalia. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mke wa Rais wa Marekani, Betty Ford, naye akakutwa na uvimbe. Kushner akapiga simu Ikulu kuwaomba wasimfanyie yote kwa mkupuo. Akajibiwa kwamba Rais ameshaamua.

Rais. Mume. Titi la mke.

Sisemi hivi kuwasema vibaya kina baba, na Betty Ford mwenyewe alifanya jambo kubwa kutangaza ugonjwa wake hadharani wakati ambapo neno kansa lilikuwa linanong'onwa. Maelfu ya wanawake walikwenda kupimwa kwa sababu yake. Nasema tu, jibu la simu ile lingeweza kutoka kwenye nyumba nyingi ninazozijua hapa Dar.

Mwaka 1979 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Kushner akiwa mmoja wao, lilipendekeza hatua hizo mbili zitenganishwe: kupima kwanza, kutibu baadaye baada ya mgonjwa kuzungumza na daktari. Na wakati huohuo Bernard Fisher kule Marekani na Umberto Veronesi kule Milan, Italia, walikuwa wanalinganisha upasuaji mkubwa na mdogo kwa utafiti wa kweli. Utafiti wa Fisher ulioanza 1971 ulifuatilia zaidi ya wanawake 1,600. Matokeo ya miaka 25 yalipotoka 2002 yalionyesha kwamba waliokatwa sana hawakuishi muda mrefu kuliko waliokatwa kidogo.

Soma tena sentensi hiyo. Misuli ile yote, mikono ile yote iliyovimba, haikuwaongezea maisha.

SEHEMU YA 3

Sasa, titi jipya linatoka wapi?

Wazo ni la zamani. Mwaka 1895 huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alimtoa mwimbaji mmoja uvimbe (haukuwa kansa), akaziba pengo kwa donge la mafuta lililokuwa limeota mgongoni kwa mama huyohuyo. Mwaka 1906 Mwitaliano Iginio Tansini akaeleza namna ya kuvuta ngozi na msuli wa mgongoni kuja mbele kufunika kifua. Mbinu nzuri kabisa, lakini dunia ilikuwa inamsikiliza Halsted, ikaisahau hadi miaka ya 1970 ilipoibuliwa upya. Miaka kama 70 imelala kabatini! Katikati hapo watu walijaribu vitu vya kutisha. Wapo waliochomwa sindano za nta ya parafini, na baada ya vita vya pili vya dunia wapo waliochomwa silikoni ya maji moja kwa moja kwenye titi. Mabonge, vidonda, vifo. Ukiona leo mtu anatangaza mtandaoni sindano ya kukuza maumbile, jua tumeshapita njia hiyo.

Kipandikizi tunachokijua kilizaliwa Houston, Texas. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walishirikiana na kampuni ya Dow Corning kutengeneza mfuko wa silikoni wenye jeli ya silikoni ndani. Walimjaribu kwanza mbwa aliyeitwa Esmeralda. Kisha mwaka 1962 wakamwekea binadamu wa kwanza, mama wa watoto 6 aliyekuwa amekwenda hospitali kuomba wamfutie chale za wino kifuani. Hakuwa na kansa, wala hakwenda kutafuta matiti makubwa. Aliwaambia anachotaka kurekebishwa ni masikio yake. Wakamfanyia na masikio pia.

Cheka kidogo, halafu tafakari nani aliyekuwa na haja katika chumba kile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wakaanza kuwawekea vipandikizi hivyo wanawake waliotolewa titi kwa kansa. Ngozi ikiwa haitoshi, daktari Chedomir Radovan alibuni mfuko wa kupanua ngozi: unawekwa mtupu, kila baada ya siku kadhaa unaongezwa maji ya chumvi kwa sindano, ngozi inavutika taratibu kama tumbo la mjamzito linavyovutika. Mwaka 1982 Carl Hartrampf wa Atlanta akaonyesha jinsi ya kutengeneza titi kwa nyama, mafuta na msuli wa tumbo la chini. Tatizo, tumbo lililonyang'anywa msuli linalegea, wengine wanapata ngiri. Miaka ya 1990 daktari Robert Allen wa New Orleans akaanza kuchukua ngozi na mafuta tu na mishipa yake midogo ya damu, akauacha msuli. Hiyo ni operesheni ya saa nyingi, inataka darubini na mikono iliyofundishwa hasa kuunga mishipa ya damu, ndiyo maana hata leo haipatikani kila mahali.

Mwaka 1998 Marekani ikapitisha sheria kwamba bima inayolipia kutoa titi lazima ilipie na kulitengeneza, na matatizo yake pia. Kwetu Afrika Mashariki wanawake wengi wanaotolewa titi hawatengenezewi lingine kabisa; wanajaza pamba kwenye sidiria, maisha yanaendelea. Wanaoniandikia kuhusu titi jipya kuuma wengi walitibiwa India, au wako Uingereza, Marekani na Uarabuni, au walipata nafasi kwenye hospitali chache za mijini. Wanajisikia wapweke mara mbili. Mtaani kwao hakuna mwenye titi kama lile, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa usome polepole.

Mwili ukiwekewa kitu kigeni, unakizungushia utando. Ni kazi ya kawaida, kila mwenye kipandikizi anao. Kwa wengine utando huo unabaki laini. Kwa wengine unajikaza, unakibana kipandikizi kama ngumi inavyobana ndimu. Titi linakuwa gumu, linapanda juu, linabadilika umbo, linauma. Mwaka 1975 daktari James Baker aliupangia ugumu huo madaraja 4. Daraja la 4 ndilo gumu, lililopinda na lenye maumivu. Kama ulipigwa mionzi kifuani, uwezekano wa hili kukupata ni mkubwa zaidi.

Na unajua miaka ile walikuwa wanatibuje? Daktari alilishika titi kwa mikono yake miwili akalibana kwa nguvu zote mpaka utando upasuke. Hakuna kisu. Wakati mwingine kilichopasuka kilikuwa kipandikizi chenyewe, silikoni ikavuja ndani. Njia hiyo imeachwa. Lakini ilitumika kwa miaka, na wanawake waliivumilia, kwa sababu walikuwa wameshapewa titi, wangelalamika nini tena?

Wakati huo hakuna serikali iliyokuwa imedai ushahidi kwamba vitu hivyo ni salama. Vipandikizi viliingia sokoni Marekani kabla ya sheria ya vifaa tiba ya 1976, vikaendelea kuuzwa. Januari 1992 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ikasimamisha vya jeli ya silikoni kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha. Miezi michache baadaye iliruhusu viendelee kwa waliotolewa titi, chini ya uangalizi. Kwa wengine vilirudi Novemba 2006. Katikati kulikuwa na kesi nyingi mno, Dow Corning ikaomba kufilisika mwaka 1995.

Kelele zote mahakamani zilikuwa juu ya swali moja: je, silikoni inaleta magonjwa ya mwili mzima, ya viungo na kinga? Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikatoa ripoti kubwa ikisema ushahidi wa hilo haupo. Magazeti yakaandika, vipandikizi havina shida. Ila ripoti ileile ilisema tatizo kuu la vipandikizi liko palepale kifuani: kukaza, kupasuka, maumivu, na kurudi thieta mara kwa mara. Habari hiyo haikupata kichwa kikubwa cha habari. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililowaumiza wanawake wengi zaidi, maana lilikuwa limeandikwa wazi na bado mama wa titi gumu aliendelea kuambiwa ni mawazo yake.

Kisha Ufaransa. Kampuni ya PIP, ya Jean-Claude Mas, ilikuwa inajaza vipandikizi silikoni ya viwandani ambayo haikuidhinishwa kwa matibabu. Ikagundulika 2010. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa ikashauri wanawake wapatao 30,000 nchini humo watolewe. Vilikuwa vimeuzwa nchi nyingi. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Na mwaka 2019 kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni dunia nzima vipandikizi vyake vya Biocell vyenye ngozi ya nje iliyokwaruza, baada ya kuhusishwa na aina ya nadra ya kansa ya tezi inayotokea kwenye utando unaozunguka kipandikizi. Ni nadra kweli, msilale na hofu. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji, kwa sababu ya maji kujaa ndani. Hiyo usiipe wiki nzima ya kusubiri.

Kwa hiyo, kazi ya nyumbani kabla hatujaendelea: tafuta ile kadi ya kipandikizi chako. Ulipewa siku ya kuruhusiwa, ina jina la kampuni, aina na namba. Huioni? Andikia hospitali iliyokupasua uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Ni haki yako hata kama ni miaka mingi imepita.

SEHEMU YA 5

Mwaka 1978 mshairi Mmarekani mweusi, Audre Lorde, alitolewa titi huko New York. Akiwa bado wodini alitembelewa na mama wa kujitolea aliyemletea titi la bandia la kuchomeka kwenye sidiria. Rangi yake ilikuwa ya waridi iliyofifia. Lorde akaliweka kifuani pake, juu ya ngozi yake nyeusi. Mnaelewa.

Siku 10 baada ya upasuaji alikwenda kliniki bila kuchomeka chochote. Amejipamba vizuri, anajisikia mzuri. Akaambiwa kwamba kuja hivyo ni vibaya kwa morali ya kliniki. Aliyemwambia alikuwa muuguzi. Nesi mwenzangu. Nikiwafundisha wanafunzi wa uuguzi nawasomesha kisa hicho kabla sijawafundisha kufunga kidonda. Lorde alikiandika mwaka 1980 kwenye kitabu chake cha shajara za kansa, akaeleza kwamba haraka ya kumficha mwanamke ilikuwa inawasaidia wanaomtazama kuliko yeye.

Miaka 40 baadaye bado kulikuwa na wanawake Marekani waliosema kabla ya kulala usingizi, "Sitaki titi lingine, nifunge bapa," wakaamka wamebakishiwa mikunjo ya ngozi, eti watabadili mawazo. Walipiga kelele. Mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikaingiza kwenye kamusi yake jina la kitabibu la kufunga kifua kibaki bapa na nadhifu. Kupata jina ni jambo kubwa hospitalini. Kisicho na jina hakiandikwi kwenye fomu, na kisichoandikwa kwenye fomu hakifanyiki. Na mwaka uliofuata, Oktoba 2021, FDA ikaagiza vipandikizi viuzwe tu kwa watoa huduma wanaompitisha mgonjwa kwenye orodha ya hatari zake, moja baada ya nyingine, na kumpa nafasi ya kusaini. Humo imo kwamba kipandikizi si kifaa cha kudumu maisha yote, na kwamba unaweza kuhitaji upasuaji mwingine. Mnaona umbali kutoka zile saa mbili za Paris.

Sasa wewe.

Jambo la kwanza ni kujua maumivu yako yanaitwaje, maana "kifua kinauma" ni mlango wa nyumba yenye vyumba vingi. Kuna utando uliokaza. Kuna kipandikizi kilichopasuka, ambacho wakati mwingine hakionyeshi dalili, kinaonekana kwa ultrasound au kwa kipimo cha MRI. Kuna kipandikizi kilichowekwa chini ya msuli, kila ukisukuma mlango au ukikanda unga kinaruka. Madaktari wengi siku hizi wanakiweka juu ya msuli kwa sababu hiyo. Kuna ngozi iliyokauka kwa mionzi. Na kuna mishipa ya fahamu iliyokatwa au kunaswa kwenye kovu: maumivu ya kuungua, ya shoti, ganzi ya kwapani na ndani ya mkono. Hayo ya mishipa huwapata hata waliotolewa titi bila kutengenezewa jingine.

Kwa nini nakazia? Kwa sababu utando uliokaza unatolewa na kisu. Maumivu ya mishipa yanaweza kubaki palepale hata ukitoa kipandikizi chote, yakaongezeka hata, maana kila mkato mpya ni kovu jipya. Hayo yana dawa zake za vidonge, mazoezi ya bega kwa mtaalamu wa fiziotherapia, sindano za ganzi kwenye mshipa. Ukipangiwa siku ya thieta kabla hujaambiwa kinachouma ni nini, uliza. Uliza tena. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Kama ni utando, njia ni zaidi ya moja. Kuutoa na kuweka kipandikizi kingine. Ila aliyepigwa mionzi ajue unaweza kukaza tena. Kuachana na silikoni na kutumia nyama yako mwenyewe ya tumbo au mgongo. Hapa mama wa watoto wadogo nisikilize. Tumbo likikatwa, kunyanyua mtoto, ndoo ya maji au gunia la mkaa ni marufuku kwa wiki nyingi. Na msuli wa mgongo ukivutwa mbele, mgongo unaombebea mtoto kwa kanga hautakuwa ule wa zamani. Hakuna daktari wa Ulaya atakayekuuliza habari za kubeba mtoto mgongoni, mwambie wewe. Njia nyingine ni kutoa kila kitu na kubaki bapa. Na ipo ya kutofanya chochote kwa sasa, ukatibu maumivu, ukalea, ukarudi kuamua mwakani.

Hiyo ya mwisho watu huisahau. Kansa ya mwanzo ilikuwa na haraka yake, ulikimbizwa, ikabidi. Utando uliokaza hauna mbio hizo. Unaweza kwenda kwa daktari wa pili. Unaweza kumuuliza ni wangapi amewafanyia operesheni hiyo, wangapi walipata nafuu ya maumivu (umbo ni swali lingine), na atafanya nini akikuta ndani kitu tofauti na alichotarajia. Hilo la mwisho liandikwe kwenye fomu ya ridhaa kabla hujalala usingizi. Kama una kisukari au unavuta sigara mwambie, kidonda chako kitachelewa.

Na swali ambalo ni lako peke yako: unataka kuondokana na nini? Wapo wanaotaka kulala ubavu, basi; umbo hawalijali tena. Wapo ambao titi lile liliwarudisha kwenye kioo na hawako tayari kuliachia hata likiuma kidogo. Wote nimewahudumia, na sijaona hata mmoja aliyekuwa hana akili. Mume ana nafasi ya kusikiliza na kushika mkono. Mama mkwe ana nafasi ya kukaa na watoto, na nafasi hiyo ni kubwa sana, tusiidharau. Bila mtu wa kukaa na watoto hakuna upasuaji. Kusaini fomu ni wewe.

Wasiosubiri ni hawa: titi lililovimba ghafla, jekundu, la moto, au lenye homa, usaha au kipandikizi kinachoanza kuonekana kwenye ngozi, uvimbe mpya kifuani au kwapani. Hao waende hospitali leo.

Sehemu ijayo nitaandika kuhusu mkono unaovimba baada ya tezi za kwapani kutolewa, maana maswali yamekuwa mengi. Wenye kadi zenu za vipandikizi, zipigeni picha zikae kwenye simu.